Matofali Chini ya Cherehani

3 Machi 1997

Mjomba wangu,

Shikamoo. Habari za huko, na habari za mizani yako na malori yake? Huku sote tunapumua, tushukuru kwa hilo. Mama anakusalimu sana, anauliza kama bado unakula mara moja kwa siku kama mtu aliyefungwa. Amenikataza kukuandikia habari za mguu wake, kwa hiyo naanza na hizo.

Ni sukari, Mjomba. Kidonda kilianzia chini ya dole gumba, kadogo tu, ungesema kang'atwa na kiatu. Sasa kinaingia ncha ya kidole changu. Daktari wa mjini alisema asafishwe kila Jumanne na kila Ijumaa, achomwe na sindano zake, na kitapona. Tukaenda wiki tatu, kikaanza kufunga. Halafu ikaja mvua ya Januari ikabeba daraja. Si kulivunja, kulibeba! Simu ya posta nayo ilikwenda na nguzo zake siku hiyohiyo, ndiyo maana nakusumbua kwa kalamu.

Imebaki njia ya zamani tu, ile ya korongoni, unayoijua kuliko mimi. Nimejaribu kushuka nayo kwa pikapu ya marehemu baba mara mbili. Mawe yanagonga difu, lile tumbo la ekseli ya nyuma, mpaka meno yananiuma, na mara ya pili niliacha oili yote pale kwenye kijito, nikavutwa na ng'ombe kurudi juu. Vijana wanne walimbeba Mama kwa machela mara moja. Wakateleza, akaingia majini na machela yake. Aliapa kwamba atakayemletea tena machela atampiga nayo.

Sasa sikiliza. Nataka kuliinua hilo gari. Najua wenye nazo wananunua vifaa vipya kwenye maboksi. Mimi nina Miwani, fundi wa kuchomea mageti, nina lundo la vyuma chakavu nyuma ya mashine ya mbao, na nina mjomba ambaye watu walikuwa wakimletea magari yaliyokufa anayafufua. Mwaka wa tisa huu hujashika spana, unapima malori ya saruji, sababu hujawahi kutuambia. Sikuulizi. Niambie tu nianzie wapi. Futi yangu ya kushonea ninayo, vipimo vyote nitavichukua mwenyewe.

Mpwa wako,
Sindano


27 Machi 1997

Mpwa wangu Sindano,

Marahaba. Barua yako imenifikia jana, imelowa pembeni lakini inasomeka. Mimi mzima, kifua tu kinanisumbua kwa vumbi hili la saruji. Kibanda changu cha mizani kina dirisha moja, na dirisha lenyewe linaangalia magurudumu. Siku nzima naona magurudumu. Lori likizidi hata mfuko mmoja silitoi getini, dereva atukane, alie, apige magoti. Wameniita Jiwe, na jina limenikaa.

Habari za dada zimenikosesha raha. Mwambie kaka yake anamwomba aache chai ya sukari, najua anakunywa ukigeuka.

Kuhusu gari. Kwanza ningekushauri uliache. Ni la zamani, limeshapinduka mara moja, chuma kilichowahi kupinda hakisahau. Huwezi kuomba trekta la watu wa mbao? Lakini nakujua, ukishashika jambo umelishika, na heri ulifanye kwa kuelekezwa.

Mbele usiweke kitu chochote kati ya ekseli na springi, kamwe. Mbele ongeza jani moja la springi kila upande. Tafuta kwenye lundo jani la gari lililokuwa kubwa kidogo kuliko lako, Miwani alikate kwa kipimo, lakini asilichome moto kwenye tumbo lake, litakatika kama biskuti. Nyuma ndiko watu huweka matofali ya chuma, moja kila upande, kati ya ekseli na springi. Yawe ya chuma kitupu, si mbao. Nimeona watu wakiweka mbao, na nimeona walipoishia. Tofali liwe na tundu katikati la kupokea kichwa cha bolti ya springi, ili lisitembee. Yubolti, zile bolti za kupinda zinazobana springi na ekseli, za zamani zitakuwa fupi, tafuta ndefu, na ukishazikaza tembea nalo siku mbili kisha kaza tena. Shokapu ziongezewe vipande vya kuzishusha. Mipira ya breki ya mbele itazame gari likiwa limening'inia kwenye jeki: ikivutika, weka mirefu. Usizidishe inchi tatu. Wanaozidisha wanatafuta sifa.

Kuna jambo moja la breki za nyuma nimelibakiza. Linataka nilieleze kwa utulivu, na leo zamu yangu imefika. Fanyeni hayo mengine yote, lakini usipakie mtu, hata mmoja, hata dada, kabla sijakuandikia tena. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mjomba wako


19 Aprili 1997

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini kifua kimepoa. Mama anasema uchemshe maji ujifukize, na uache kukaa dirishani. Chai ya sukari ameacha. Kusema kweli ameacha na chakula.

Gari limesimama, Mjomba! Ungeliona ungecheka. Limekuwa kama jogoo anayenyata kwenye umande. Miwani kalala chini yake wiki mbili, mke wake akaja kuuliza kama ameoa gari. Majani ya springi tulipata mawili safi, tena yanalingana. Shokapu tumeziongezea vipande. Mpira wa breki wa kushoto ulikuwa unavutika kama ulivyosema, tumeweka mwingine. Kila kitu nimekipima kwa futi kabla na baada, na Miwani ananiita injinia mbele za watu.

Kilichotusumbua ni matofali ya nyuma. Tulizunguka lundo lote, chuma cha unene ule hakuna. Basi juzi Miwani kaja kuchukua suruali yake, akaketi karibu na cherehani, macho chini ya meza. Nikamuuliza una nini. Akasema, "Hii meza yako umeiinua na nini?" Si unayajua yale machuma mawili chini ya miguu ya meza ya cherehani? Mama ndiye aliyeniwekea, mwaka ule baba alipokufa na mimi nikaanza kushona, ili magoti yangu yaingie. Miaka tisa nakanyaga cherehani juu yake. Miwani akapiga magoti, akalitoa moja, akalipangusa. Inchi tatu. Tundu katikati. Akaenda nalo mpaka kwenye gari, likaingia kwenye springi kana kwamba limerudi kwao.

Nikamuuliza Mama yametoka wapi. Akageukia ukutani. Akasema, "Hayo niliyaokota. Kama yanafaa, yatumieni." Nikamwambia Mama, chuma cha kilo ngapi hizo unaokota kama kuni? Wewe unajua yalitoka wapi?

Na lingine. Huko chini nyuma, kwenye chesisi, kuna kifimbo chembamba cha chuma kinachotoka kwenye kikombe fulani cha breki. Mwisho wake haukufungwa popote. Kimekunjwa juu na kufungwa kwa waya. Miwani hajawahi kuona kitu hicho, kasema yeye ni mtu wa mageti. Waya wenyewe umesokotwa mizunguko mitatu na mkia umelazwa ndani usimchome mtu. Nimetazama waya ule nikakumbuka uzio wa kuku wetu, maana wewe ndiye unayefunga waya hivyo, sijaona mwingine. Ni hilo ndilo jambo ulilobakiza?

Tunakusubiri. Sijapakia mtu. Dole gumba limekuwa jeusi, Mjomba, na harufu imeanza. Nimemwambia Mama twende tu hivyohivyo. Amesema, "Kaka kasema tungoje."

Sindano


10 Mei 1997

Mjomba,

Shikamoo. Sijui kama barua yangu ya mwezi uliopita ilikufika. Wiki tatu leo. Kila anayepanda kutoka mjini namsimamisha, nimekuwa kama askari wa barabarani.

Weusi umeingia kidole cha pili. Mganga wa zahanati alipanda kwa miguu akausafisha, akatoka nje kwanza kabla ya kuongea nami. Anasema ni hospitali, na ni sasa. Nimemwomba Mama hata machela, nimelia mbele yake. Kanishika mkono kaniambia nisiwe na haraka, barua yako iko njiani.

Gari liko mlangoni limejaa mafuta. Niambie kuhusu kile kifimbo. Maneno mawili tu yanatosha.

Sindano


14 Mei 1997

Mpwa wangu,

Natumaini mu wazima. Huku mvua zimekata, vumbi limerudi. Juzi lori liligonga nguzo ya kibanda changu, namshukuru Mungu nilikuwa nimetoka kuchota maji. Macho nayo siku hizi hayanisaidii, ndiyo sababu ya kuchelewa. Barua yako ya Aprili niliisoma kwa taabu.

Nimetuma kwa mkono wa dereva mmoja kopo la dawa ya vidonda, wanasema ni nzuri sana. Mpakeni asubuhi na jioni.

Hayo matofali siyajui. Vyuma vinafanana. Na waya kila mtu anafunga. Usiwe mtu wa kuchimba mambo, Sindano, ulikuwa hivyo tangu mtoto.

Hilo la breki nitalieleza. Ngojeni kidogo. Msalimu sana dada, mwambie namwombea.

Mjomba wako


1 Juni 1997

Mjomba,

Shikamoo. Dawa ilifika, ni ya kuungua na moto. Nimeiweka rafuni.

Leo nakuandikia kwa hasira, nisamehe au usinisamehe, vyovyote. Nilikaa kwenye cherehani jana, nimeiinua na vipande vya mbao sasa, inayumba. Kulikuwa na gauni la mtu la kurefushwa, lenye bitana ndani. Nikarefusha gauni, bitana nikaisahau. Nilipolitundika, bitana ikavuta, gauni zima likakunjamana. Nikaishika mikononi nikasema, heh! Nikatoka mbio na futi shingoni nikaingia chini ya gari.

Nilikifungua kile kifimbo kutoka kwenye waya wako. Ndiyo, wako. Nikakinyoosha kuelekea kwenye ekseli, mahali palipo na tundu tupu la bolti. Hakifiki. Nikapima upungufu. Inchi tatu, Mjomba, ileile ya tofali. Kwa hiyo mtu aliwahi kuliinua gari hili kwa matofali hayahaya, kifimbo kikawa hakifiki tena, badala ya kukiongezea kipande akakifunga juu kwa waya. Bitana ilivuta, akaikata.

Sijui kifimbo kinafanya nini, ila kinatoka kwenye breki. Na baba alikufa kwa gari hili, akishuka na mbao kwenye njia hiyohiyo ya korongoni, kwenye kona ya jiwe jeupe. Watu wote walisema alikuwa amelewa, kwa sababu ya ile chupa chini ya kiti. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilisimama kaburini nasikia wanawake nyuma yangu wakisema, ah, si alikuwa ameacha? Mlevi haachi. Miaka tisa nimemwonea haya baba yangu.

Nimemwambia Miwani achomee kipande cha inchi tatu. Amekataa. Kasema, "Geti likianguka linaangukia mtu mmoja. Breki sichezei mpaka anayejua aniambie." Simlaumu. Ni mtu mwaminifu, wa namna yake ni wachache siku hizi.

Mama nilimweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, amefumba macho. Nikamuuliza, Mama, mjomba alifanya nini? Akasema, "Atasema mwenyewe. Mpe nafasi." Nikamwambia mguu hautoi nafasi. Akasema, "Ni mguu wangu."

Weusi umepita kifundo. Chumba kinanuka hata madirisha yakiwa wazi, nachoma majani ya mkaratusi lakini wapi. Sasa nakuuliza mambo mawili tu. Kifimbo kinafanya nini? Na baba alikuwa amelewa?

Sindano


22 Juni 1997

Dada yangu, na mpwa wangu,

Nawasalimu nyote wawili. Sindano, msomee mama yako barua hii polepole, kisha ichomeni.

Ninaandika nikiwa kibandani, mlango nimeufunga kwa ndani. Kurasa nne nimezichana. Acha niseme kama fundi, labda nitaweza.

Kile kifimbo ndicho kinachoiambia breki ya nyuma gari limebeba nini. Gari likiwa tupu, bodi liko juu, kifimbo kinalegea, na breki ya nyuma inapewa kidogo ili magurudumu yasiburuze. Ukipakia, bodi linashuka kuelekea ekseli, kifimbo kinasukuma, breki ya nyuma inapewa nguvu yote. Ukikitoa, gari linaamini siku zote halina kitu. Ukiliteremsha mlimani na mzigo, breki za mbele zinafanya kazi peke yake mpaka zinaungua, kisha unakanyaga na hakuna kitu. Ongezeni kipande cha inchi tatu, upana wa kidole, kichomewe pande zote mbili, kisha kifungwe kwenye tundu lake kwenye ekseli. Nusu saa, Miwani anaiweza. Ningeweza kukuandikia hivi mwezi wa tatu. Nilijua ukikijua kifimbo utauliza nani alikifunga.

Ni mimi. Shemeji aliniletea gari niliinue apite korongoni na mbao. Matofali nilikata mwenyewe. Nilipofika kwenye kifimbo jioni imeingia, kwa mchomeaji kulikuwa kumefungwa, nikakifunga kwa waya nikisema kesho nitakimalizia. Asubuhi akaja mapema. Akauliza, "Fundi, liko tayari?" Nikamwambia liko tayari. Maneno hayo mawili ndiyo nayasikia mpaka leo, kila lori linapopanda kwenye mizani.

Shemeji hakuwa amelewa. Hakuwa ameonja tangu alipoacha. Ile chupa ilikuwa yangu. Nilikuwa nakunywa nikifanya kazi, nikaisukuma chini ya kiti alipokuja, nikaisahau huko.

Nilipopata habari nilikimbia mpaka kwenye kona. Walikuwa wamekwisha kumchukua. Gari liko ubavuni, hakuna mtu. Nikafungua matofali yote mawili nikayatupa kichakani, ili polisi wasijue lilikuwa limeinuliwa. Chupa niliiona. Niliishika, Sindano. Nikairudisha palepale.

Dada, wewe uliyaokota yale matofali. Kwa hiyo ulikuwa unajua. Miaka tisa umekuwa ukiniandikia kama kuna jua na mvua tu duniani, unaniuliza nakula mara ngapi. Sikujua. Mpwa wangu aliponiandikia habari za cherehani, nililala siku mbili sikwenda kazini.

Sina la kuomba. Mpakieni dada, mshusheni leo hiihii. Nitakuja akishapata nafuu, nimwangalie machoni.

Kaka yako. Mjomba wako.


15 Julai 1997

Mjomba,

Leo shikamoo sina. Nimeitafuta sijaiona.

Mama alifariki Ijumaa tarehe nne, asubuhi, maji ya uji yakiwa jikoni. Barua yako ililetwa Jumamosi adhuhuri na mtu aliyepanda kuja msibani. Alinipa huku akinipa pole, mkono mmoja pole, mkono mmoja barua.

Uliandika nimsomee polepole. Nilimsomea. Alikuwa amekwisha kufunikwa. Niliwatoa wanawake chumbani nikafunga mlango nikasoma neno kwa neno, hata pale ulipoandika "akishapata nafuu". Sauti haikutetemeka, nilijishangaa.

Alhamisi alikuwa na akili zake bado. Nilikwenda kwa magoti nikamwambia, Mama, nakuomba, kesho nakupakia, Mjomba apende asipende. Ndipo aliposema. Kwamba asubuhi ile, kabla polisi hawajafika, naye alishuka kwenye kona kumtafuta mumewe. Akakuona chini ya gari. Akajificha. Ulipoondoka akayatoa matofali kichakani, akayabeba kwenye kanga mpaka nyumbani. Nikamuuliza kwa nini hukusema, Mama, wamemwita baba mlevi miaka tisa! Akasema, "Mume alishaondoka. Ningesema, ningeondokewa na wawili siku moja." Nikauliza, basi na sasa je, mbona hukupanda gari? Akasema alijua umetaka tungoje kwa sababu unataka kusema. Akasema, "Nikishashuka hospitali, nikapona, hatasema tena. Ataona yamepita." Alikuwa anakungoja wewe, Mjomba. Si breki. Aliuweka mguu wake mezani ili ulipe neno lako, na wewe ukamtumia dawa ya kuungua.

Ulinifundisha asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mama alisikia la mkuu, na guu likaoza likiwa kitandani. Mimi nami nilisikia. Nilikuwa na gari lenye mafuta mlangoni, ningeweza kulishusha gia ya kwanza mchana mzima, nikamtii mtu aliyeniambia ngoja. Hilo sikutwishi wewe. Hilo ni langu na nitalala nalo.

Makaburi yako bondeni, unajua, ng'ambo ya kona. Wazee walitaka jeneza libebwe mabegani. Nikasema hapana, atapanda gari, nimemwinulia yeye. Jumamosi ileile jioni Miwani alisoma ukurasa wako wa kifimbo mara tatu, miwani juu ya paji la uso, akachomea kipande cha inchi tatu pande zote mbili. Alikuwa analia anachomea, anasema ni moshi. Nusu saa, kama ulivyosema. Tukapakia mifuko ya mchanga mpaka springi zikalala, mzigo kama ule wa mbao za baba, nikashuka nalo peke yangu mpaka kwenye kona. Sikumruhusu mtu kupanda. Halafu nikarudi, nikamwaga mchanga.

Jumapili nilimpakia Mama. Wanaume wanane wakakaa pembeni ya jeneza kulishika. Korongoni hatukugonga jiwe hata moja, difu ilipita juu kama mtu aliyeinua nguo asilowe. Tulipofika jiwe jeupe wote wakakaza mikono kwenye jeneza. Nikakanyaga.

Ziko habari nyingine ambazo lazima uzijue. Kaburini, kabla ya udongo, nilitoa barua yako nikaisoma mbele ya watu wote, kwa sauti, kuanzia "Shemeji hakuwa amelewa". Uliomba ichomwe. Sikuichoma. Wale wanawake waliokuwa nyuma yangu miaka tisa iliyopita, wawili wako hai bado, walikuwa nyuma yangu tena. Mmoja akaja akaliwekea kaburi la baba mkono. Sasa kila mtu hapa anajua. Ukija utakuja ukijua hilo. Sikukatazi kuja.

Ndani ya bahasha utakuta waya. Sikuukata, niliufungua mizunguko yote mitatu, tumia tena ukitaka. Matofali nabaki nayo, yako chini ya gari. Kila Jumanne na Ijumaa nashusha wagonjwa wa huku juu mpaka hospitali.

Hujaniuliza, lakini wewe ni fundi, najua ungetaka kujua. Nilipokanyaga pale kwenye kona ya baba, na Mama nyuma, na watu wanane, breki zilishika. Mbele na nyuma, kwa pamoja, taratibu, hata jeneza halikusogea. Zilishika, Mjomba.

Binti wa shemeji yako